Si Nzi, ni Kinyoya

Imetufikia orodha ya istilahi za uvuvi wa ndoano ambamo Partridge and Orange, chambo kikongwe cha trauti kutoka mito ya Yorkshire, kimepewa jina "nzi wa kwale na chungwa". Msomaji wa Mombasa atadhani ni nzi waliotoka Kwale kufuata matunda sokoni. Ukurasa uo huo, chambo kinachoelea ni "nzi mkavu". Huyo namjua: yuko dirishani kwangu, kafa tangu masika.

Trauti wamo katika mito ya Aberdare tangu 1905, kwa hiyo neno la chambo cha aina hii tunalihitaji. Napendekeza kinyoya, kama nilivyopendekeza kwa barua ambayo wanakamati walioiandaa orodha hawakuona haja ya kuijibu. Manyoya kwetu ni ya kuku na ni ya sungura pia. Neno moja limebeba malighafi kuu mbili za ufundi wa kufunga chambo hiki, jambo ambalo Kiingereza chenyewe kimeshindwa. Livishe ki- ya kisu na kijiko, limeshakuwa chombo: kinyoya kimezama, vinyoya vimelowa. Nzi ni kiumbe. Akikatikia mdomoni mwa samaki, mvuvi atoe rambirambi?

Yupo mtaalamu anayeshikilia "kidudu bandia". Vyambo vya aina hii vyote ni bandia, bwana. Ongeza basi na "samaki wa majini". Wengine watasema kinyoya kimeshachukuliwa na mpira wa vinyoya. Kaa yuko baharini na lipo la moto, na sijasikia aliyetia kaa wa bahari kwenye pasi.

T. E. Pritt, katika kitabu chake cha mwaka 1885 kuhusu vyambo vya trauti vya Yorkshire, alikiita kile chambo cha mwanzo Orange Partridge. Mimi nasema Kinyoya cha Kwale, cha chungwa. Kukifunga si kazi: ndoano namba 14, uzi wa hariri wa rangi ya chungwa uliopakwa nta, uuzonge kwa mizunguko inayogusana hadi karibu na pindo la ndoano, urudi, kisha unyoya mmoja wa kahawia wenye madoa, wa mgongoni mwa kwale, uuzungushe mara mbili nyuma ya tundu, fundo, basi. Ukizidisha umetengeneza brashi.

Watakaochapa orodha ya pili walichukue neno hili bure. Jina langu, kama kawaida yao, si lazima.