Hazina na Vyombo Vyake: Picha Zinazotembea Katika Safari ya Kanisa

Mtume Paulo, akiwa kifungoni na akijua kwamba safari yake inakaribia mwisho, alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia niliupita mstari huo haraka, nikiona ni habari za mizigo tu. Siku hizi siupiti. Mtu anayesubiri kuuawa anauliza maandiko yake yako wapi.

Nilianza kuuelewa mwaka aliofariki mama yangu. Mama aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu huko Usambara, na katikati ya miaka ya 1990 kwaya ile ilirekodiwa kwenye kanda za video. Baada ya mazishi nilimwendea mzee aliyekuwa katibu wa kwaya kumwomba kanda hizo. Akanitolea mfuko wa nailoni kutoka juu ya kabati. "Baba Mchungaji," akasema, "zimeliwa na ukungu. Na hata zingekuwa nzima, deki ya kuzichezea utaipata wapi?"

Swali la mzee yule ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kanisa limekabidhiwa hazina, lakini hazina hiyo hubebwa katika vyombo vya udongo, na vyombo huvunjika. Tuangalie basi vyombo vya picha vilivyopita mikononi mwetu, kila kimoja kilitupa nini na kilituachia hasara gani.

Sinema milimani

Wengi hudhani kwamba picha zinazotembea zilifika vijijini kwetu juzi. Sivyo. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Mdhamini wake alikuwa Baraza la Kimataifa la Misioni, kupitia J. Merle Davis, na fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zilihusu mambo kama akiba ya posta, kodi, utunzaji wa ngozi za mifugo na ugonjwa wa safura.

Jambo moja la mradi ule linanivutia. Sauti haikuwekwa ndani ya filamu, bali kwenye santuri iliyochezwa kando. Sababu ni lugha: picha moja ingeweza kupewa maelezo ya Kiswahili hapa na ya lugha nyingine kule. Lakini walioamua watu waone nini walikuwa wageni, na Mwafrika alikuwa mtazamaji na mwigizaji tu. Filamu zenyewe, karibu zote, zimepotea.

Kizazi changu kilikutana na sinema kupitia filamu ya Yesu, iliyotolewa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi ilipoletwa kijijini kwetu. Jenereta ilinguruma, shuka jeupe likafungwa kati ya miti miwili ya mikaratusi, na kijiji kizima, Wakristo na Waislamu, tukaketi kwenye nyasi zenye umande. Mkanda ulipofika mwisho, tulingoja gizani wakati fundi akibadilisha, na mwinjilisti akaanzisha wimbo. Hatukuona kungoja kule kuwa ni adha. Kulikuwa sehemu ya ibada.

Kanda, deki na vibanda

Kanda ya VHS ilitoka Japani mwaka 1976, lakini kwetu iliingia taratibu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia katika miaka ya 1970. Ndipo deki zilipoanza kuonekana kwa watu wenye uwezo, na vibanda vya video vikaota kando ya masoko, watu wakilipa kiingilio kutazama filamu za nje huku mtafsiri akizisimulia kwa Kiswahili.

Kwaya nazo ziliamka. Kabla ya hapo kwaya ilisikika redioni au kwenye kaseti, sasa ilionekana. Lakini kanda ilikuwa na udhaifu wa asili. Picha iliandikwa kwa sumaku juu ya utepe mwembamba wa plastiki, na kila ulipotoa nakala kutoka nakala, picha ilififia. Kwa hiyo kanda mama ilikuwa na thamani kubwa, na aliyeishika ndiye aliyeshika kwaya. Kwaya ya mama ilimkabidhi kanda mama msambazaji mmoja wa mjini kwa ahadi ya kugawana mapato. Fedha iliyoletwa haikutosha hata nauli ya kumfuatilia, na kanda mama haikurudi. Zilizobaki kwenye kabati la mzee zilikuwa nakala za nakala.

Picha inapogeuka kuwa namba

Mabadiliko makubwa kuliko yote hayakuonekana kwa macho. Teknolojia ya dijitali iligeuza picha kuwa namba. Kila kipande cha rangi kilipewa namba yake, kisha ikabuniwa njia ya kubana namba hizo: ukuta ulio nyuma ya kwaya hausogei, hivyo hakuna haja ya kuuandika upya katika kila picha, huandikwa kinachobadilika tu. Kwa njia hiyo video iliingia kwenye CD katika miaka ya 1990, kisha kwenye DVD, na baadaye kwenye flashi na kadi ya simu ndogo kuliko ukucha.

Namba haififii inaponakiliwa. Nakala ya elfu ni sawa na ya kwanza. Hiyo ilikuwa baraka, na papo hapo ikawa pigo. Injili ilisambaa bila gharama, lakini kwaya zilizokopa fedha za kurekodi zilikuta kazi zao zikiuzwa barabarani kwa bei ya soda, au zikiingizwa kwenye simu vibandani kwa bei ndogo zaidi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwapo, na mwaka 2013 Serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD. Lakini stempu hubandikwa kwenye kitu, na video ilikuwa tayari inaacha kuwa kitu. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Usiku wa kuamkia mwaka 2013 Dar es Salaam ilizima mitambo ya televisheni ya analojia, na watu wakaingia katika enzi ya ving'amuzi. Kisha simu janja na bando vikafika hadi kwa mama anayeuza mboga.

Leo kwaya ya mtaa mdogo hurekodi asubuhi na jioni inatazamwa Oman au Ujerumani. Lango la msambazaji limevunjika. Hata hivyo tusidhani kwamba hakuna bwana mwingine. Ghala linalohifadhi nyimbo zetu si letu, na kinachopendekezwa kwa mtazamaji huchaguliwa na programu ambayo hatuioni. Usharika ninaouhudumia ulipoteza ukurasa wake wote kwa sababu kijana aliyeufungua alihama, akabadili namba ya simu, na nywila akasahau. Miaka minne ya ibada iko huko, na hakuna anayeweza kuifikia. Ukungu una sura nyingi.

Kanisa liko wapi?

Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga makanisa ya Kenya na Ujerumani, nyumba za ibada hapa Tanzania zilibaki wazi. Lakini sisi nasi tulianza kurusha ibada mubashara, na hatukuacha. Wapo wazee na wagonjwa wanaolisikia Neno kitandani kwa njia hiyo, nami namshukuru Mungu. Wapo pia wenye afya njema wanaoniambia, "Mchungaji, Jumapili nilikuwa nawe, kwenye simu."

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, linalitambua Kanisa kuwa ni kusanyiko la watakatifu, ambamo Injili inahubiriwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Video hubeba mahubiri, kama kijitabu cha uchapaji kilivyobeba mahubiri ya Luther. Haiwezi kubeba mkate na divai mpaka mdomoni, wala kumshika mkono mfiwa. Kwa hiyo nimewaambia wazee wa kanisa kwamba kila mgonjwa anayetufuata kwa simu aandikwe jina, na ndani ya mwezi huo apelekewe Chakula cha Bwana nyumbani. Simu itutangulie mlangoni, isichukue nafasi ya miguu yetu.

Na hazina tuitunze. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS iliacha mwaka 2016, na kanda zilizoko makabatini zinaendelea kuoza. Kila usharika ukusanye zake sasa, uzihamishe, uweke nakala zaidi ya moja mahali tofauti, na uandike nani anaimba, lini na wapi. Funguo za kurasa zetu ziwe mali ya ofisi ya usharika, si za kijana mmoja.

Zile kanda za mzee nilizipeleka kwa fundi mmoja Dar es Salaam. Katika kanda tano aliokoa dakika kumi na moja. Picha inatetemeka, na rangi zimegeuka zambarau. Mama yuko mstari wa mbele, ana umri mdogo kuliko nilio nao mimi leo, na anaimba kabla ya mwanakwaya mwenzake kumziba. Wanangu walipoitazama, mdogo aliuliza ni yupi bibi. Nikamwonyesha kwa kidole, na tukarudia tangu mwanzo.