Jina la Daktari: Wanafunzi wa Kwanza wa Udaktari Makerere

Nilipoanza mwaka wa kwanza wa masomo ya udaktari Makerere, nilikuwa bado sijaweza kutaja mifupa yote ya mkono. Hata hivyo, niliporudi nyumbani likizoni, jirani yetu mzee alinipokea kwa neno moja: "Musawo!" Kwa Kiganda hilo ndilo jina la daktari. Kisha akavua kiatu anionyeshe mguu wake uliovimba. Nilimwambia, "Jjajja, nenda kituo cha afya," kwa kuwa sikuwa na jingine la kumwambia. Lakini jina lile lilinisumbua. Katika insha hii nitaeleza jinsi wanafunzi walionitangulia walivyolisubiri kwa zaidi ya miaka 30.

Historia hii inaanzia kwenye kilima cha Namirembe. Mwaka 1897 Albert Cook, daktari mmisionari kutoka Uingereza, alifungua hospitali hapo. Mwaka 1913 kikaanzishwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa huko Mulago, na ndicho kilichokua hadi kuwa hospitali kubwa ya taifa. Wagonjwa walikuwa wengi na madaktari wa Kizungu walikuwa wachache. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilihitaji Waafrika wa kusaidia kazi.

Mwaka 1922 Makerere ilifunguliwa kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Haikupita muda mrefu mafunzo ya utabibu yakaanza, mwaka 1924. Makerere na Mulago ni vilima jirani, na wanafunzi walisoma kwenye kilima kimoja na kujifunza wodini kwenye kingine. Baadaye walikuja pia vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar, kwa sababu nchi hizo hazikuwa na chuo kama hicho.

Hapa ndipo suala la jina linapoingia. Vijana hawa walisoma kwa miaka mingi, lakini walipohitimu hawakuhesabiwa kuwa madaktari kamili. Waliajiriwa kama wasaidizi, chini ya madaktari Wazungu, na mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa Wazungu hao. Sababu iliyotolewa ni kwamba cheti chao hakikutambuliwa Uingereza. Mgonjwa, kwa upande wake, hakujali cheti. Kwa Kiganda anayekutibu ni musawo tu, awe mkubwa au mdogo. Nadhani wahitimu wale waliishi na majina mawili: moja la wagonjwa, jingine la ofisini.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1957 sifa zake za udaktari zikatambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza. Miaka miwili baadaye, mwaka 1959, alihitimu Josephine Nambooze, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari. Wanawake walikuwa wameruhusiwa kuingia Makerere mwaka 1945 tu. Kwao mlango ulichelewa zaidi kufunguliwa.

Katika darasa letu la Kiswahili nimejifunza kwamba Tanzania daktari mkuu wa wilaya aliitwa "mganga mkuu", jina lililotoka kwa waganga wa jadi. Nililipenda. Linaonyesha kwamba watu wana neno la kumwita anayewatibu hata kabla serikali haijaamua kumpa cheo.

Kwa kumalizia, ninaona kwamba hali yangu ni kinyume cha hali ya wale wa mwanzo. Wao walikuwa na ujuzi wakanyimwa jina. Mimi nimepewa jina kabla ya ujuzi. Wao hawakuweza kulidai peke yao, bali mimi naweza kulistahili nikisoma kwa bidii. Likizo ijayo nitamtembelea tena yule mzee nimuulize kama alienda kituo cha afya. Nikikuta mguu bado umevimba, nitampeleka mwenyewe. Kwa sasa hiyo ndiyo kazi ya musawo ninayoiweza.