PBDB Navigator

PBDB Navigator ni ramani ya mtandaoni ya kutafutia visukuku vilivyoorodheshwa katika hifadhidata ya Paleobiology Database. Kila nukta huonyesha mahali yalipopatikana mabaki, na rangi yake hufuata umri wa miamba. Mtumiaji huchuja kwa jina la kiumbe au kipindi cha kijiolojia. Uzuri wake mkubwa ni kuyarudisha mabara yalikokuwa zamani. Kwa mfano, ramani ikirudishwa kipindi cha Jura, Tendaguru mkoani Lindi, Tanzania, ambako mamia ya vibarua Waafrika walichimba mifupa ya dinosaria Giraffatitan kwa msafara wa Kijerumani (1909–1913), huonekana kusini zaidi ya ilipo leo, ndani ya bara kuu la kale la Gondwana. Eneo lisilo na nukta lisidhaniwe halina visukuku, huenda halijachunguzwa.