RUNUNU: TULIKOTOKA NA HIZI SIMU ZETU

Kuna maneno yanasemwa sana siku hizi, barazani, majumbani, hata kwenye darsa za vijana: kwamba WhatsApp ndiyo iliyoharibu watu. Eti zamani mtu hakusambaza neno mpaka alichunguze, kwa sababu kila ujumbe ulilipiwa, na mwenye kulipa hufikiri kwanza. Maneno haya yanapendeza masikioni. Lakini mimi nasoma historia chuoni, na mwanafunzi wa historia akiambiwa "zamani watu walikuwa wazuri" lazima aulize, zamani ipi? Hebu twende pamoja tukaangalie.

Tuanze na jina. Shuleni tulifundishwa kwamba simu ya mkono ni rununu. Mtaani hasemi mtu hivyo, labda mtangazaji wa redio na mwalimu wa Kiswahili, sisi wengine ni "simu" basi. Lakini fungua kamusi za zamani, zilizoandikwa kabla ya vyombo hivi kuota, utakuta rununu ni uvumi, maneno ya kunong'onezana yapitayo sikio hadi sikio. Aliyelichagua neno hilo alikuwa akitafuta jina la chombo tu, lakini naona alipiga kwenye shabaha kuliko alivyojua.

Mpaka mwaka 1999 simu zote Kenya zilikuwa chini ya shirika moja la serikali, la Posta na Simu. Mwaka huo likagawanywa, ndipo Telkom Kenya ikazaliwa. Hesabu ya watu ya mwaka huohuo ilitoa zaidi ya milioni 28, na laini za waya nchi nzima zilikuwa kama laki tatu tu. Kutaka laini nyumbani ilikuwa ni kujaza fomu na kungoja, na kungoja kwenyewe si kwa miezi. Simu za mkono zilikuwako tangu mwanzo wa miaka ya tisini, ila kwa bei ya mawaziri na matajiri. Mwananchi wa kawaida alikwenda kibandani na sarafu zake mkononi, na foleni nyuma yake inamkohoa.

Huku Pwani, nyumba yenye mtu wake Oman, Dubai au Saudia ilikuwa na njia nyingine: kaseti. Mtu anakaa mbele ya redio, anabonyeza kitufe chekundu, anazungumza mpaka upande umalizike, kisha kaseti inapewa msafiri. Kwetu zimebaki chache. Katika moja unamsikia nyanya akimsalimia ndugu yake aliyeko Muscat, anataja watoto wote kwa majina, anapumzika, halafu anasema, "Ngoja nikazime jiko nije." Na kaseti inaendelea kuzunguka bila ya mtu mpaka arudi. Iweke akilini kaseti hiyo, tutaihitaji.

Mwaka 2000 ndio mlango ulipofunguka. KenCell na Safaricom zote zilianza biashara mwaka huo. KenCell ndiyo iliyokuja kuitwa Celtel, kisha Zain, na tangu 2010 Airtel. Wenzetu waliokuwa wakubwa wakati ule husimulia juu ya Nokia na sauti zake, lakini jambo lililobadilisha mambo halikuwa simu bali hesabu. Safaricom ilitoza kwa sekunde. Mwenzake alitoza kwa dakika, ukisema "hallo, nimefika" umelipia dakika nzima. Kwa mwenye mshahara mkubwa hilo halina uzito, lakini kwa muuza samaki ilikuwa ni tofauti ya kuwa na simu na kutokuwa nayo. Sekunde kumi zilimtosha kumuuliza mwenzake bei ya soko na kukata.

Hata hivyo wengi hawakuwa na hizo sekunde kumi. Ndipo wakaja na fani yao wenyewe, ambayo hakuna injinia aliyeipanga: kuflashi, au kubipu kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Mtandao ulitoza pale tu simu inapopokewa. Kengele ikilia na mtu akakata, hakuna anayedaiwa, na wakati huohuo namba imeshaonekana upande wa pili. Basi mlio mmoja ukawa ni "nimefika salama", miwili "nipigie", mingine "nipo nje, shuka". Ujumbe mzima umepita na hakuna shilingi iliyotoka mfukoni!

Na ilikuwa na adabu zake. Mtafiti mmoja, Jonathan Donner, alizichunguza Rwanda na kuandika juu yake mwaka 2007. Alichokikuta kule ni kilekile cha Mombasa na Garissa: mwenye uwezo ndiye hupiga, asiye nacho huflashi. Mtoto humflashi baba, baba hamflashi mtoto. Na kijana anayetafuta mchumba asithubutu kumflashi msichana, ajikaze apige, kwani mlio ule utamwambia msichana yote anayohitaji kujua kuhusu mfuko wa bwana harusi. Hebu muulize shangazi yako jambo hili uone atakavyocheka.

Makampuni yaliposhindwa kuizuia desturi hii yaliifuata. Ukaja ujumbe wa bure wa kumwomba mtu akupigie. Ikaja Sambaza, unamkatia mwenzako kredo kidogo kutoka kwenye yako. Na watu wakaanza kuitumia kredo kama pesa: mtu yuko mbali, hana nauli, unamtumia kredo, anaiuza kwa mwenye duka. M-Pesa ilianza Machi 2007 ikakuta watu ambao tayari mikono yao ilishazoea. Hata yenyewe, ilipofanyiwa majaribio mwaka 2005, ilikusudiwa kulipia mikopo midogo. Waliopewa kujaribu ndio walioanza kutumiana wao kwa wao.

Sasa tuje kwenye SMS. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na injinia kijana aitwaye Neil Papworth, akimtakia bosi mmoja wa Vodafone heri ya Krismasi. Alituma kutoka kwenye kompyuta, maana simu nyingi za wakati ule hazikuweza kuandika. Mpaka wa herufi 160 ulikwisha kuwekwa miaka ya themanini. Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikuwa akipiga taipu sentensi za kawaida na kuhesabu herufi, akaona 160 zinatosha. Zilimtosha yeye. Kiswahili chetu neno moja laweza kubeba sentensi, na kila silabi inataka irabu yake, 160 zinakwisha hujamaliza hata salamu.

Kisha kulikuwa na taabu ya vidole. Herufi s ilikaa mwisho wa kitufe cha 7, kuipata ulibonyeza mara nne. Herufi x ilikuwa ya pili kwenye kitufe cha 9, mara mbili tu. Fanya hesabu mwenyewe: "sasa" ni mibonyezo kumi, "xaxa" ni sita. "Sijui" ni kumi na tatu, "cjui" ni tisa. Walimu walilia kwamba vijana wanaua Kiswahili, na mimi siwalaumu, lakini naona kulikuwa na akili ndani yake mbali na ule uvivu. Waliosoma hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanajua kwamba waandishi wengi waliacha sauti ya m au n mbele ya b na d, na herufi moja ilibeba sauti zaidi ya moja. Msomaji alijaza mwenyewe kwa sababu alijua lugha. Aliyesoma "2po hm njoo" alifanya kazi ileile.

Pale masheikh walipokemea ni kwenye salamu. "Aslm alkm" haikuwapendeza, na kumswalia Mtume kwa herufi tatu ndiyo kabisa. Mjadala huo haujesha mpaka leo, ila sababu yake imekwisha: siku hizi hakuna anayekuhesabia herufi.

Ramadhan ilikuwa na SMS zake. Ile ya kutafuta mwezi: "Umeonekana?" inakwenda, "Wapi?" inarudi, na kabla Kadhi Mkuu hajasikika redioni mtaa umeshagawanyika pande tatu. Ile ya kuomba radhi, inayofika na jina la mtu mwingine chini kwa sababu aliyetuma amesahau kulifuta. Na ile ya kutisha: tuma kwa watu kumi utapata habari njema, ukiinyamazia utaona. Watu walilipia kumi hizo, ndugu msomaji, kwa kredo ya kukwaruza. Wakati ujumbe mmoja ulikuwa ni shilingi kadhaa!

Kwa hiyo nikisikia kwamba gharama iliwafanya watu wawe waangalifu, naanza kutilia shaka hapo. Lakini hizo zilikuwa za mzaha. Tarehe 30 Desemba 2007 haikuwa mzaha.

Siku hiyo matokeo ya urais yalitangazwa, nchi ikawaka, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu wakabaki na simu. Kilichopita ndani yake, Tume ya Jaji Waki ilikuja kukisikia: jumbe za kuchochea kabila moja dhidi ya jingine, za kusema fulani wanakuja usiku huu. Hakukuwa na WhatsApp. Hakukuwa na kikundi cha watu mia mbili. Aliyetaka kuieneza sumu ile ilimbidi achague namba, moja moja, na kila moja impunguzie kredo. Nao walifanya hivyo. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile na laki kadhaa wakahama makwao. Hatusemi simu ndiyo iliyowaua. Tunasema bei ya ujumbe haikumzuia aliyekuwa na chuki, wala haikumzuia aliyekuwa na hofu, na huyu wa pili ndiye alikuwa wengi.

Serikali ikafikiria kuizima SMS nchi nzima. Haikuzimwa. Wizara ya usalama ilituma onyo kwa SMS kwamba anayesambaza uchochezi aweza kushtakiwa, na Safaricom ikawatumia wateja wake jumbe za amani. Fikiria kama ingezimwa. Maduka yalikuwa yamefungwa, kadi za kredo zimeadimika, na waliokwama mitaani walikuwa wakiishi kwa kredo waliyotumiwa na jamaa wa mbali. Mwanzoni mwa Januari 2008, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakaanzisha Ushahidi, programu iliyopokea taarifa za wananchi, kwa SMS pia, na kuziweka kwenye ramani ili ijulikane wapi kumechomwa na wapi kuna amani. Chombo kimoja, wiki zilezile. Sheria ya mwaka huo ya utangamano wa kitaifa ndiyo iliyoyapa jina la kosa maneno ya chuki.

Mengine yalikwenda mbio. Juni 2009 waya wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika Mombasa ukipita chini ya bahari ileile ya majahazi. Agosti 2010 Zain iliangusha bei, SMS ikawa shilingi moja, na wengine wakalazimika kushuka. Vijana wakahama kutoka Yahoo Messenger ya cyber kwenda 2go, kisha WhatsApp.

Na Agosti 2013 WhatsApp ikaweka ujumbe wa sauti. Hili halitajwi sana, nami naliona kubwa kuliko yote. Nyanya zetu wengi walihitimu chuoni, wanasoma Qur'ani vizuri, lakini herufi za Kizungu hawakufundishwa. Miaka yote ya SMS walisomewa barua zao na wajukuu. Habari ya ugonjwa, ya deni, ya ndoa inayovunjika, yote ilipita kwanza mdomoni mwa mtoto wa miaka tisa. Mwaka ule akabonyeza kitufe akasema mwenyewe na kusikia mwenyewe. Ile kaseti ilikuwa imerudi, safari hii bila ya kumngoja msafiri.

Januari 2019 WhatsApp ilipunguza idadi ya kufowadi: ujumbe mmoja usiende zaidi ya mahali patano kwa mara moja. Aprili 2020, ukiwa umeshapita mikono mingi, mahali pamoja tu. Ulikuwa ni mwezi ule Ramadhan inaingia na misikiti imefungwa kwa sababu ya Corona, darsa zinasikilizwa kwenye simu, na kila nyumba ina dawa yake ya tangawizi iliyotoka "kwa daktari mmoja". Yaani baada ya miaka kumi ya kushusha bei mpaka karibu na bure, wenyewe waliona hapana budi kurudisha kitu cha kumchelewesha mtu. Wameturudishia kredo kwa mlango wa nyuma. Haikupita wiki watu walijua la kufanya: unaushika ujumbe kwa kidole, unaunakili, unaubandika upya, na alama ya kwamba umefowadiwa haionekani tena.