Rangi za Waya na Hatari ya Tafsiri

Kanuni za kwanza za taa za umeme nchini Uingereza zilitolewa mwaka 1882 ili kuzuia moto. Zilizofuata ziliamua hata rangi za nyaya za nyumbani: nyekundu ikawa alama ya waya wa moto, nyeusi ya nyutro. Afrika Mashariki ilizirithi, na mafundi wetu wakazizoea.

Mwaka 2004 Uingereza iliruhusu kahawia na buluu badala yake. Mwaka 2006 ikazilazimisha kwa kazi mpya. Katika umeme wa njia tatu, nyeusi sasa ni mojawapo ya nyaya za moto.

Basi mfasiri aandikaye “waya mweusi” kwa maana ya nyutro aweza kumponza fundi. Twapendekeza waya utajwe kwanza kwa kazi yake, kisha kwa rangi.