Tauni Ilipoingia Carthage: Kuyapima Mafundisho Wakati wa Shida

Katika ibada zetu za jumuiya, ombi linalorudi kila juma ni la wagonjwa. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu aliacha dawa za shinikizo la damu, kwa kuwa mhubiri mmoja alimwambia kwamba anayemeza vidonge baada ya kuombewa anamdharau Mungu. Tulilijua jambo hilo, nasi tukanyamaza, tukiogopa kuonekana watu wa imani haba. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: mafundisho ya namna hii tungeyapimaje?

Swali hili si geni. Wakristo wa Afrika walilikabili zaidi ya miaka 1,700 iliyopita huko Carthage, mji wa kale uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Askofu wao alikuwa Cyprian, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema kabla ya kubatizwa. Alipowekwa kuwa askofu alikuwa Mkristo wa miaka michache tu, na shida hazikumsubiri akomae.

Mwaka 250 amri ya Kaisari Decius ilifika Carthage: watu waitolee miungu ya Rumi dhabihu mbele ya wakuu, kisha wapewe hati ya kuthibitisha kwamba wametii. Cyprian alijificha nje ya mji, akaliongoza kanisa kwa barua, na wako waliomlaumu kwa kukimbia. Lakini mjini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wengine waliteswa na kufungwa, wasimkane Bwana. Wengi walianguka. Cyprian aliandika kwa uchungu kwamba wako waliokwenda kutoa dhabihu bila kuburutwa na mtu. Hata wakuu walipotaka kuahirisha kwa sababu jioni imefika, watu hao waliomba wasicheleweshwe. Wengine hawakutoa dhabihu, ila walinunua hati kwa fedha. Alipotafuta chanzo, hakumlaumu Kaisari peke yake. Alisema amani ya miaka mingi ilikuwa imewalegeza: waumini walikuwa wakishindania mali, na hata baadhi ya maaskofu walikuwa wameyaacha makundi yao wakifuata biashara.

Walioanguka walitaka kurudi mezani pa Bwana, na hapo ndipo fundisho jepesi lilipopata mlango. Wale waliofungwa kwa ajili ya imani waliheshimiwa sana, nao wakaanza kuandika barua za kuwaombea walioanguka wapokelewe. Barua nyingine hazikutaja hata majina: ziliomba fulani apokelewe pamoja na watu wake, na kwa maneno hayo watu 20 au 30 wangeweza kuingia kwa barua moja. Baadhi ya mapadri waliwapa walioanguka ushirika papo hapo, bila toba. Shemasi mmoja, Felicissimus, akaongoza kundi lililompinga askofu katika jambo hilo.

Lilionekana kuwa fundisho la huruma, na lilipendwa. Cyprian alilijibu kwa mfano wa tabibu: anayelifunika jeraha lenye usaha kwa kuogopa kilio cha mgonjwa hajamhurumia, amemwacha aoze ndani. Nabii Yeremia naye aliwalaumu waliowatibu watu juu juu na kuwatangazia amani isiyokuwapo (Yer. 6:14). Ila Cyprian hakukimbilia upande wa pili. Huko Rumi, Novatian alifundisha kwamba kanisa lisiwapokee tena kamwe walioanguka. Maaskofu wa Afrika walipokutana mwaka 251, walikataa njia zote mbili. Walioanguka wasikatiwe tumaini, lakini watubu kweli, na kila mmoja aangaliwe kwa hali yake.

Kabla vidonda hivyo havijapona, tauni ikaingia. Cyprian ameandika dalili zake: kuhara, homa, vidonda vya koo, kutapika kusikokoma, macho mekundu. Baadhi ya waliopona walibaki viwete, viziwi au vipofu. Kwa kuwa habari zake tumezipata kwake, ugonjwa huo mpaka leo unaitwa Tauni ya Cyprian.

Ndipo waumini wakaanza kunung'unika: kwa nini tauni inawaua Wakristo sawasawa na wapagani? Cyprian aliona kilichofichwa ndani ya swali hilo. Wako waliodhani kwamba mtu humwamini Kristo ili asipatwe na mabaya ya dunia hii. Akawakumbusha kwamba tunashiriki mwili mmoja na wanadamu wote: njaa ikiingia haimruki Mkristo, na jahazi likizama halichagui. Akawaonyesha Ayubu jalalani, na Paulo na mwiba wake.

Kisha akawapa kazi. Shemasi wake Pontius anasimulia kwamba watu wa mji walikuwa wakiwakimbia ndugu zao wagonjwa, na maiti zimelala njiani. Cyprian aliwakusanya waumini, akawafundisha kwamba kuwatendea mema watu wetu tu si jambo la ajabu; tuwatendee na wasio wetu, hata adui. Wenye mali walitoa mali, na maskini walitoa nguvu zao. Miaka hiyo hiyo kanisa la Carthage lilichanga sesterti 100,000 kuwakomboa Wakristo wa Numidia waliotekwa. Cyprian mwenyewe, aliyelaumiwa kwa kukimbia, hakukimbia mara ya pili. Alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258.

Wapendwa, katika habari hizi tunapata maswali ya kupimia. Je, fundisho hili linatuita kwenye toba, au linatuuzia amani ya bei rahisi? Je, linaahidi kile ambacho Bwana hakuahidi? Na mgonjwa aliyelala mlangoni, linatupeleka kwake au linatuambia amekosa imani?

Tungemuuliza mama yule swali hili la tatu, labda tungesikia jinsi alivyokuwa ameachwa peke yake. Mhubiri alimwambia aache dawa, na sisi hatukumwambia lolote. Fundisho la uongo lilimkuta katika jumuiya iliyonyamaza.

Siku hizi, tukimaliza kumwombea mgonjwa, tunamuuliza pia kama ana dawa, na nani atamsindikiza kliniki. Bado tunaomba uponyaji kwa moyo wote, kwa maana Mungu anaponya. Lakini hatumwachi tena mtu apambane peke yake na ahadi ambazo Bwana hakuzitoa. Yeye atujalie kuzipima roho (1 Yoh. 4:1), na ujasiri wa kusema tukiisha kupima.