Shahada na Ushuhuda

Neno "shahada" lina ndugu zake katika Kiswahili. Shahidi, ushahidi na ushuhuda ni wa ukoo huo huo, na sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki tunapowataja Karoli Lwanga na wenzake tunawaita Mashahidi wa Uganda. Nimeanza na ukoo huu wa maneno kwa sababu nataka kueleza ni kwa nini mlei mwenye umri mkubwa, mwenye kazi yake na watoto wa kusomesha, huenda kutafuta shahada ya uzamili katika teolojia na uchungaji. Wengi hudhani kwamba mtu wa namna hiyo ameingia katika shamba lisilo lake. Historia yasema vingine.

Katika Kanisa la mwanzo, kufundisha imani hakukuwa kazi ya mapadre peke yao. Mtakatifu Yustino, aliyeuawa Roma mnamo mwaka 165, alikuwa mlei na mwanafalsafa aliyekuwa na shule yake. Origene wa Aleksandria, hapa hapa barani Afrika, alianza kuwafundisha wakatekumeni akiwa kijana wa miaka 18 hivi, muda mrefu kabla ya kupewa upadre. Baadaye elimu ya dini ilihamia katika monasteri na vyuo vikuu, mikononi mwa makleri. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza kila jimbo liwe na seminari, ili mapadre wapate malezi ya kweli. Agizo hilo lilikuwa jema, kwani mapadre wengi wa wakati ule walikuwa hawana elimu ya kutosha. Lakini jema hilo lilikuwa na upande wa pili: teolojia ilikwenda kuishi seminarini, na asiyetazamia altare hakuona mlango wa kuingilia. Wanawake, hata watawa, walibaki nje kabisa.

Huku kwetu mambo yalianza kwa namna nyingine. Februari 1879, Padre Lourdel na Bruda Amans wa shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Buganda. Mwaka 1882, kwa kuona hatari iliyowakabili, wamisionari waliondoka wote wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi mpaka mwaka 1885. Kwa muda wote huo Buganda haikuwa na padre hata mmoja, na wabatizwa walikuwa wachache na wachanga katika imani. Mtu angetazamia kukuta majivu. Wamisionari waliporudi walikuta moto unawaka, kwa kuwa watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walikuwa wameendelea kufundisha na kuwakusanya wenzao kusali. Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, na tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati maaskofu wa dunia nzima wamekusanyika Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hao waliotangazwa walikuwa walei, na baadhi yao walikuwa walimu wa dini.

Hivyo ndivyo Kanisa lilivyoenea katika nchi zetu. Padre alikaa misioni; kigangoni alikaa katekista. Ndiye aliyefundisha sala, aliyeongoza ibada ya Jumapili, aliyezika wafu na kusuluhisha wanandoa. Mafunzo yake yalikuwa mafupi na posho yake ilikuwa ndogo, pengine haikuwapo kabisa. Alipewa mzigo mkubwa, lakini vitabu vizito havikumfikia.

Mlango uliofungwa ulianza kufunguka polepole. Mwaka 1943, huko Indiana, Marekani, Sista Madeleva Wolff, mkuu wa Saint Mary's College, alianzisha shule ya teolojia ya ngazi ya uzamili kwa ajili ya wanawake, baada ya kuona kwamba vyuo vikuu vya Kikatoliki nchini mwake havikuwapokea katika masomo hayo. Mwaka 1965, Hati ya Mtaguso juu ya kazi ya kimisionari iliwasifu makatekista, ikaagiza wapewe malezi bora, na wale wanaofanya kazi hiyo kwa muda wao wote walipwe kwa haki. Mwishoni mwa miaka ya 1960, maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, kwa njia ya shirikisho lao la AMECEA, walifungua chuo cha uchungaji Gaba, karibu na Kampala, ambacho mwaka 1976 kilihamia Eldoret, Kenya. Mapadre, watawa na walei walisoma pamoja pale. Kisha ikaja Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 229 yasema wazi kwamba walei wana haki ya kusoma elimu takatifu katika vyuo vikuu vya Kanisa na kupata shahada zake. Mwaka uliofuata, 1984, masomo ya uzamili ya teolojia yalianza Nairobi katika taasisi ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliizindua Agosti 1985, na ambayo mwaka 1992 ilipata hati ya serikali na kuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki.

Mimi ni mmoja wa walionufaika na mlango huo kufunguliwa. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nimeshatimiza miaka 43. Ng'ombe hazeeki maini, nikajipa moyo. Darasani nilikaa na mapadre vijana ambao niliweza kuwa mwalimu wao, na Kilatini chao kilinipita mbali. Lakini siku tulipozungumza juu ya sakramenti ya ndoa, wao walizijua kanuni, nami niliwajua watu. Niliwajua wazee wa jumuiya yetu ndogo ndogo waliokaa miaka 20 bila ndoa ya Kanisa kwa sababu mahari haikuisha, na kila Jumapili hubaki wameketi wakati wengine wanakwenda kukomunika. Mtu mzima huenda chuoni na maswali aliyokwisha kuulizwa, na ndiyo maana kitabu kwake si mapambo.

Hata hivyo, sina budi kusema lililo zito. Niliporudi parokiani, niliulizwa kama nilikuwa nautaka upadre, na nilipokana, niliulizwa sasa shahada hiyo ni ya nini. Hapakuwa na nafasi iliyoandaliwa kwa mtu kama mimi. Sheria ile ile ya 1983, katika kanuni ya 231, yasema kwamba mlei anayejitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa lazima apate malezi yafaayo, na tena ana haki ya malipo yanayomwezesha kutunza familia yake. Tumeishika zaidi nusu ya kwanza kuliko ya pili. Matokeo yake ni kwamba shahada hii huwafikia wenye mshahara kutoka kwingine, kama mimi niliyerudi kushika chaki. Katekista wa kigango, mrithi halisi wa Balikuddembe na Kaggwa, hana karo wala nauli ya kwenda kuitafuta.

Hapo ndipo ninapoona hatari. Ikiwa walei wasomi watakuwa tabaka jipya juu ya makatekista, mlango utakuwa umefunguliwa kwa wachache na kufungwa tena nyuma yao. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliuweka rasmi utumishi wa katekista, akikumbusha kwamba huduma hiyo ni ya kale. Heshima imetolewa, bado ada na posho. Parokia inayochangia ukarabati wa mnara yaweza pia kuchangia masomo ya katekista mmoja, naye aliyesoma kwa fedha yake aweza kutoa Jumamosi zake kuwafundisha wengine kile alichokipata.

Jumamosi zangu nimezitoa. Makatekista 9 hukutana katika darasa la shule ya msingi, na wawili kati yao ni wakubwa kwangu kwa umri. Tunasoma Injili ya Marko na kanuni za ndoa. Mara nyingi mimi naeleza maandiko, na wao wananieleza watu walioko vigangoni, nami nayaandika kwenye daftari.